Fundi Anajibu: Rizista inanigandia kwenye pasi

SWALI: Shikamoo fundi. Chaja yangu ya taa za sola imeunguza rizista moja, ile ndogo bapa isiyo na miguu, imeandikwa 100. Nimenunua kumi, nimeshaharibu sita. Nikiigusa inanata kwenye ncha ya pasi ya kulehemu. Nikiikandamiza kwa kibano inasimama wima upande mmoja. Jana pedi ya shaba, kile kibati cha bodi inapolehemiwa rizista, nayo imebanduka. Pasi yangu ni ya wati 60, ya kuchomeka tu ukutani. Jirani anasema bila bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, siwezi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Bloa usinunue. Hiyo ni ya aisi, vile vipande vyeusi vyenye saketi ndani, zilizoficha miguu chini ya tumbo, na kwa mkono mgeni itapeperusha hata rizista zilizo nzima.

Nadhani unachota lehemu kwa ncha ya pasi, kisha unaipeleka kwenye bodi. Njiani flaksi, yaani dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike, iliyomo ndani ya waya wa lehemu inaungua, lehemu inabaki kama tope, inanata popote. Nunua flaksi ya vifaa vya elektroniki. Usiazime dawa ya mafundi rejeta! Nilipoanza kazi niliitumia kwenye redio ya mteja. Baada ya miezi miwili ikarudi, shaba imeliwa, imekuwa kijani. Iliniuma sana, maana yule mzee aliniamini.

Sasa fyonza lehemu ya zamani kwa utambi wa shaba, paka flaksi, uweke tone dogo kwenye pedi moja. Moja tu. Wewe uliweka pande zote mbili, ndiyo maana ikasimama: ukiyeyusha huku, kule imekalia kilima kigumu. Shika rizista kwa kibano, yeyusha lile tone, isukume iingie kwa ubavu, ondoa pasi. Kibano usikiachie mpaka uhesabu tatu. Inamisha kichwa uitazame kwa upande. Imelala? Basi nenda upande wa pili: ncha iguse pedi na rizista kwa pamoja, ndipo ulete waya, sekunde mbili tu. Lehemu iliyoshika hushuka kama mteremko wa mchanga ufukweni. Ikiwa duara kama shanga, haijashika. Ongeza flaksi, iguse tena.

Pedi imebanduka kwa sababu ya joto. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, na pasi isiyo na kidhibiti inaweza kupita 400. Tafuta ya kurekebishwa, uiweke 330. Pedi iliyotoka kwangua rangi ya kijani juu ya njia yake kwa wembe mpaka shaba ing'ae, ulehemu uzi mmoja wa waya mwembamba kutoka hapo hadi kwenye rizista.

Moshi ni wa flaksi, fungua dirisha. Risasi inabaki vidoleni, nawa kabla ya kula.

Hizo nne zilizobaki zitazame: 100 maana yake omu 10, si mia. Ya omu mia huandikwa 101. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita. Ikisoma juu sana ya 10, upande mmoja haujashika. Na rizista ya omu 10 haiungui bure, mwanangu. Pima transista inayolishwa nayo. Ikiwa imepiga shoti, hata mpya itaungua palepale.