Maswali ya Wasomaji: Kiduha Shambani

SWALI: Mahindi yangu hudumaa na kunyauka hata udongo unapokuwa na unyevu, na katikati ya mistari huchipuka magugu yenye maua ya zambarau. Huyang'oa kila msimu, lakini msimu unaofuata huwa mengi zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Dalili ulizozieleza ni za kiduha, ambacho wakulima wengine hukiita gugu chawi. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama, uwele au mpunga wa nchi kavu na kufyonza maji na virutubisho. Ndiyo maana zao hunyauka kama lenye kiu ilhali mvua imenyesha ya kutosha. Sehemu kubwa ya madhara hutokea kiduha kikiwa bado chini ya ardhi, kwa hiyo kuking'oa baada ya kuchomoza hakuuokoi mhindi uliokwisha kushambuliwa. Hata hivyo, usiache kung'oa, kwa sababu mche mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Ng'oa kabla hakijachanua, maana ukichelewa hadi maua yakauke utakuwa umekwisha kupandiwa cha misimu ijayo.

Nakusihi, hata hivyo, uuangalie udongo wako kwa makini kuliko unavyoliangalia gugu lenyewe. Mbegu ya kiduha haioti mpaka ipate kemikali zinazotolewa na mizizi ya mimea kama nafaka, na mizizi hiyo huzitoa kwa wingi zaidi inapokosa fosforasi na nitrojeni. Shamba linalopandwa mahindi mfululizo bila samadi wala mbolea hukipa kiduha nguvu mara mbili: zao ni dhaifu, na kemikali za kukiamsha ni nyingi. Kurutubisha udongo ndiyo kazi ya kwanza, nayo huchukua misimu kadhaa.

Sambamba na hilo, badilisha mazao. Soya, kunde, pamba na alizeti huweza kuziamsha mbegu za kiduha bila kuzipa mahali pa kujishikiza, nazo hufa zikiwa changa, ingawa uwezo huo hutofautiana kati ya aina na aina. Kwa mwenye mifugo, ningependekeza zaidi desmodiamu, jamii ya mikunde inayopandwa katikati ya mistari ya mahindi: mizizi yake hutoa kemikali zinazozuia kiduha kujishikiza, huongeza nitrojeni udongoni, na majani yake ni malisho mazuri. Ukilima mtama, ulizia mbegu zinazostahimili kiduha. Ni kazi ya kuzalisha mbegu za namna hiyo iliyompatia Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

SWALI: Je, kiduha nilichong'oa naweza kukitia kwenye shimo la mboji au kuwapa ng'ombe?

JIBU: Kikiwa kimekwisha kuchanua, usifanye lolote kati ya hayo. Mbegu zinaweza kupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai na kurudi shambani pamoja na samadi, na mboji isiyopata joto la kutosha haiziui. Kikusanye na ukichome moto, kisha usafishe jembe lako kabla ya kuingia shamba jingine.