Kifaa kimekosea: nimwambie nani kwanza?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mtafiti hapa Goma, naongoza timu ndogo inayopima gesi ya mazuku, yaani kaboni dioksidi itokayo ardhini na kutuama mashimoni, katika mitaa iliyo kando ya Ziwa Kivu. Juma lililopita niligundua kwamba kifaa kimoja kimetoa namba zisizo sahihi kwa miezi miwili, na kwamba wasaidizi wangu wawili walijua wakanyamaza. Mfadhili anangoja ripoti baada ya wiki tatu, na wakuu wa nyumba kumi huniuliza majibu kila nipitapo. Nianzie wapi?

JIBU: Dada mpendwa, hukusema jambo linaloamua yote: je, kifaa kilikosea kwa kupunguza au kwa kuzidisha? Ikiwa kilipunguza, na mliwahi kumwambia mwenye kiwanja kwamba shimo lililo nyuma ya nyumba yake halina hatari, basi huyo ndiye wa kwanza, leo kabla ya jua kuzama, kwa kuwa kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa takriban mara moja na nusu, hutuama mabondeni usiku usio na upepo, na humfikia mtoto au mbuzi kabla ya mtu mzima. Usimsomee asilimia, mwambie asishuke humo alfajiri hadi mpime upya. Neno mazuku ni la watu wa hapa, na wanasayansi wa ng'ambo wamelichukua lilivyo katika maandishi yao, kwa hiyo huna haja ya kutafuta jingine.

Mfadhili apate barua yake kesho, ya ukurasa mmoja, bila kungoja ripoti: kifaa kipi, tangu tarehe gani, vipimo vipi vingali vinaaminika, na mnaomba nini. Vipimo vibovu msivifute. Vitieni alama, maana huenda vikasahihishika baada ya kukilinganisha kifaa na gesi ambayo kiwango chake kinajulikana.

Kuhusu wasaidizi, mimi nisingeanza kwa kuwakaripia. Anayelipwa kwa siku, ambaye akiripoti kifaa kibovu hukosa kazi na posho, ana sababu ya kunyamaza. Waulize faraghani, mmoja mmoja. Ikiwa ndivyo, siku ya matengenezo nayo ilipwe. Kila asubuhi kifaa kijaribiwe kwanza katika hewa ya kawaida, yenye takriban asilimia 0.04 ya gesi hiyo, na namba iandikwe daftarini pamoja na jina la aliyepima. Daftari hilo lisomwe mbele ya wote kila Jumatatu, nawe katika kikao cha kwanza utaje kosa lako mwenyewe, la kutolifungua daftari la vipimo kwa miezi miwili.