Jibu: Mama anapotea usiku, Ipuli watampokea?
Pole sana dada. Makazi ya wazee ya Ipuli, Tabora, ni ya serikali, kwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Ukienda kwa ofisa ustawi wa jamii, ataanza kuuliza watoto wako wapi. Sera ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa mlezi wa kwanza.

Mpeleke kwanza hospitali ya Kitete apimwe. Kama alichanganyikiwa ghafla, huenda ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au dawa anazomeza, na hilo linatibika. (Akina shangazi watasema karogwa. Usipoteze hela huko.)

Ukipata nyumba ya binafsi ya kutunzia wazee, fika jioni bila taarifa. Nani yuko zamu usiku? Geti linafungwaje? Anayekataa kuoga wanamfanyaje? Wakisema humfunga, ondoka.