Mkanda wa Feni Unaolia

Swali: Gari langu hulia kila asubuhi nikiliwasha, na fundi wa Barabara ya Kirinyaga asema nibadilishe mkanda wa feni. Je, ni lazima? – Msomaji, Kayole.

Jibu: Zima injini, ipoe, kisha upinde mkanda kidogo utazame upande wa ndani, ukiona nyufa au nyuzi zilizochomoza, fundi wako amesema kweli, la sivyo huenda umelegea tu. Katika magari mengi mkanda huo huzungusha oltaneta, yaani kifaa kinachochaji betri, na pampu ya maji inayopoza injini, hivyo ukikatika kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, taa ya betri itawaka na injini itachemka upesi. Ukibadilisha, nunua mikanda miwili yenye namba ileile iliyochapwa mgongoni mwa ule wa zamani, na ule wa akiba uuweke butini pamoja na spana zake, ambazo wengi husahau.