Mkuu, hiyo zawadi ya "ajali sifuri" futa leo

Tangazo hilo lichane kabla halijabandikwa. Unauliza uwape nini vijana 60 wa karakana wakimaliza miezi mitatu bila mtu kuumia, mchele au hela, na masupavaiza uwabadilishe vipi. Usiwape kitu! Mimi niliwapa.

Kiwanda cha nondo, Dar. Kilo 10 za mchele na lita 3 za mafuta kwa kila mtu, sehemu yao ikifikisha siku 90 safi. Nikatundika ubao mlangoni, kila asubuhi nafuta namba kwa kiganja naandika mpya, najiona meneja kwelikweli. Siku ya 83 diski ya grainda ikapasuka, ikamchana dogo mmoja kidole cha shahada. Wenzake wakamfunga kitambaa cha kufutia grisi, kimya. Nani akubali kuwa mchawi wa kuwakosesha watu 22 mchele, zimebaki siku saba? Siku ya 90 nikagawa. Dogo akaja kupokea wake, mkono mmoja mfukoni. Nikampigia makofi. Mimi mwenyewe.

Wiki iliyofuata kidole kimeoza, hospitali wakakikata. Na kule alishasema kaanguka na bodaboda, ikaandikwa kwenye faili. Haya, nenda sasa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaeleze kwamba ile bodaboda ilikuwa grainda. Mama yake alikuwa ananipigia kila Ijumaa. Halafu ndiyo naambiwa diski mbili za boksi lile lile zilishapasuka mwezi mmoja nyuma, bahati tu hazikumpata mtu. Ubao wangu ulikuwa unasoma 50 na kitu, unapendeza.

Yule mtaalamu wa semina aliyetuuzia huu ujanja alikula kuku wetu siku mbili, anatuonyesha picha za Wazungu wamevaa helmeti wanacheka. Kumbe huko huko Marekani, mwaka 2016, mamlaka yao ya usalama kazini ilishaonya kuhusu zawadi zinazomfanya mtu afiche jeraha. Hiyo slaidi aliisahau nyumbani.

Lipa anayesema, basi. Kwangu sasa anayeleta diski yenye ufa, waya uliochubuka, au anayesema tu "bosi, leo nimeponea chupuchupu", anapata vocha ya elfu mbili siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake. Mwezi wa kwanza zilitoka vocha 41, mhasibu akaniuliza kama nimefungua kibanda.

Masupavaiza sijui nikwambie nini. Wangu ndiye aliyemfundisha dogo ile ya bodaboda.