Usipulize hiyo dawa kesho asubuhi

Weka bomba chini. Umesema maboga yako yakifika ukubwa wa yai yanageuka manjano, yanasinyaa na kudondoka, na muuza pembejeo kakwambia ni ugonjwa, upulize kila asubuhi. Kwa ushauri huohuo nilipoteza msimu mzima. Inauma: mtu anakuuzia chupa ya tatu na hajauliza hata swali moja kuhusu maua!

Okota viboga vilivyodondoka, vipasue. Ukikuta funza, ni nzi wa matunda. Ukikuta ndani ni safi, na ganda halina alama ya kutobolewa, karibu kila mara tatizo ni kutochavushwa, yaani unga wa ua dume (chavua) haukufika kwenye ua jike, na hilo halina dawa dukani. Dawa ndiyo inaongeza hasara. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, na ua jike lina asubuhi hiyo moja tu. Ukipuliza dawa ya wadudu saa 1 asubuhi unaua nyuki ambao ua linawangoja. Siku chache baadaye vinadondoka vingine, unadhani ugonjwa umekolea, unazidisha kipimo, nyuki wanakwisha kabisa.

Chavusha kwa mkono, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Dume limekaa juu ya kikonyo kirefu chembamba, halina kitu. Chuma dume lililofunguka leo, si la jana. Bandua petali zote ubaki na kijiti cha katikati, ukiguse: unga wa njano ukibaki kidoleni, linafaa. Kipanguse taratibu kwenye kitovu cha ua jike, uzungushe pande zote, maana ukigusa upande mmoja boga huota limepinda. Dume moja linatosha majike 2 au 3. Kukiwa na dalili ya mvua, funika ua jike ulilochavusha kwa mfuko wa karatasi. Chavua ikilowa haifanyi kazi.

Na usimsikilize anayekwambia uchume madume yote kwa kuwa hayazai. Ya mboga chuma, lakini bakiza.

Kama ulikuta funza, okota vyote kila siku, vifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani. Usivitupe kwenye shimo la mboji. Viboga vilivyoshika vivike mfuko wa karatasi mara ua linaponyauka. Ukilazimika kupuliza, iwe jioni, maua ya boga yamefunga. Ila kama una mumunye jirani yake, angalia: maua yake meupe hufunguka jioni, kwa hiyo hata kuyachavusha ni jioni.

Mbolea ya urea uliyouliza, acha kwanza. Ikizidi unapata majani mengi na madume matupu.

Kesho saa 12 na nusu uwe bustanini na ua dume mkononi, bomba libaki stoo.