Piza ya maharage meusi: kwa nini inalowa katikati?

SWALI: Habari za jikoni, mpishi. Naishi Houston. Binti yangu ameacha nyama, ila anapenda piza yenye ladha za Kusini-Magharibi mwa Marekani: maharage meusi, mahindi, pilipili. Kuokoa muda natumia tortilla ya ngano (mkate mwembamba kama chapati) na salsa ya chupa, ule mchuzi wa nyanya na pilipili. Kila mara katikati inalowa kama chapati iliyosahauliwa kwenye mchuzi. Nakosea wapi?

JIBU: Mchawi wako ni salsa, dada. Tortilla ni nyembamba, haihimili maji, na dakika chache za oveni hazitoshi kuyakausha. Salsa iweke pembeni, mchovye wakati wa kula.

Badala yake paka maharage. Chuja kopo moja la gramu 425, suuza, kisha ponda nusu yake pamoja na kijiko cha mafuta, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu na ndimu kidogo. Rojo liwe zito, lisitiririke. Linatosha tortilla tatu. Maharage mazima yatapangwa juu.

Mahindi nayo yana maji, hasa ya kugandishwa. Yamwage kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, uyaache bila kukorogakoroga mpaka yapate madoa meusi. Yatanukia kama mahindi ya kuchoma ya barabarani. Pilipili za kijani za Hatch, kule New Mexico, ndizo zenyewe. Zikiwa za kopo, zikamue kwanza. Poblano ya kuchoma, pilipili kubwa isiyo kali sana, pia inafaa.

Washa oveni nyuzi 450 za Fahrenheit, sinia ya chuma ikiwa ndani tangu mwanzo. Tortilla tupu ikae juu ya sinia dakika 3, igeuze, paka rojo, nyunyiza jibini la Monterey Jack, halafu maharage, mahindi na pilipili. Usirundike. Dakika 6 au 7 kingo zitakuwa zimekauka. Parachichi na giligilani ni baada ya kutoa. Parachichi likiingia oveni huwa chungu.

Hukuuliza, lakini kwa kuwa binti hali nyama: ukishawishika kununua maharage ya kopo yaliyokwisha pondwa, soma lebo, mengine yana mafuta ya nguruwe. Jibini nalo, baadhi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Tafuta lililoandikwa kwamba linawafaa wasiokula nyama.